Uduvi wa Bi Mwantumu

Jumatatu ya tarehe tisa, mwezi wa tatu, asubuhi iliyofuata mvua ya kwanza ya masika, mwaka ule daraja la Kwemsala lilipochukuliwa na maji: hiyo ndiyo siku mambo yalipoharibika, na ndiyo iliyotuachia methali, "Mlilia ganda ndiye muua uduvi."

Mnaitumia kila siku, vijana. Juzi tu mlimtupia Kiluwa alipoifungua pikipiki nzima, nati huku, mnyororo kule, eti injini imekufa, kumbe mafuta yamekwisha. Sasa hata ikitiwa mafuta haiwaki. Mkamzomea, "Mlilia ganda!" Lakini mlipoulizwa ni ganda lipi, na uduvi gani, mkatazamana kama kuku waliomwagiwa maji. Basi kaeni mkao wa kusikiliza. Methali hii haikushuka mbinguni. Ilitoka nyumba ile ya bati jekundu, karibu na bomba la mtaa.

Alikuwa akiishi humo Mzee Shekiondo. Ujanani alikata mkonge. Shule aliifikia darasa la pili, akatoka na jina lake mwenyewe na tarakimu za kumtosha asipunjwe dukani. Elimu yake nyingine aliipata kwa macho, nayo ilimfundisha jambo moja: hakuna shida isiyo na mwenyewe, na mwenyewe amekalia kiti. Mvua isiponyesha, ni wakubwa. Ikinyesha ikabomoa, ni wakubwa. Msicheke. Mara nyingi alikuwa anapatia.

Mkewe, Bi Mwantumu, alikuwa mtu wa mtoni. Tangu usichana wake alifua pale chini ya maporomoko, na kufua kwake kulikuwa nusu kazi nusu baraza. Kisukari kilipomshika mguu, njia ya mtoni ikamshinda. Akakaa mlangoni wiki nzima, halafu akamwambia mumewe:

"Shekiondo, kama mimi siendi mtoni, basi mto uje."

"Mto uje! Niukamate mkia au kichwa?"

"Wewe nitengenezee kisanduku cha kioo. Mengine niachie."

Alinung'unika, akaenda. Duka la zamani la shamba la mkonge lilikuwa limefungwa, na vioo vya kabati lake vilikuwa vimetupwa nyuma. Akaviunga kwa gundi, vikavuja, akaviunga tena, vikashika. Bi Mwantumu akaagiza mchanga wa mtoni, majani yaotayo majini, na majani makavu ya mti wa mkungu kutoka uwanja wa zahanati. Kisha Bi Siwema, jirani yake na mwenzake wa kufua, akamletea kwenye kibuyu wageni wenyewe: uduvi wa maji baridi. Si wale wakavu wa pwani mnaowaona sokoni kwenye mafungu. Hawa walikuwa hai, wadogo kama kipande cha ukucha, miili yao kama maji yenyewe, hata uone utumbo ukipita kama uzi. Kutwa wanaokota, wanaokota, mikono haitulii, kama wanawake wanaochambua mchele.

Wakazaana mle ndani. Bi Mwantumu alimfundisha mumewe kumtambua jike: akiwa na manjano mabegani, mayai yamekaribia, akiwa nayo chini ya tumbo, utamwona akiyapepea kwa vijiguu vyake. Shekiondo alisikiliza kwa sikio moja. Jambo moja tu lilimkera hasa. Maji ya bomba hayakuingia mle hata kikombe mpaka yamekaa juani kwenye beseni siku mbili tatu.

"Maji nayo hulala?" aliuliza siku moja.

"Yakitoka bombani yanakuwa yamelewa. Yaache yalevuke."

Akatikisa kichwa, akaenda zake kwenye kahawa.

Basi Bi Mwantumu akazidiwa. Zahanati ikasema apelekwe hospitali ya wilaya. Gari la wagonjwa lilikuwapo, limeoshwa linang'aa. Dereva alikuwapo, kavaa na kofia. Ufunguo ulikuwa kwa mkubwa, na mkubwa alikuwa kwenye semina. Ufunguo uliporudi, Bi Mwantumu alikuwa ameshafunikwa.

Matanga yakaisha, watu wakaondoka na mikeka yao, nyumba ikabaki na mtu mmoja na kisanduku cha kioo. Shekiondo aligundua kwamba katika vitu vyote vya mkewe, kanga, vyungu, kiti chake cha mlangoni, ni hiki tu kilichokuwa bado kinapumua. Akaanza kukitunza kama alivyomwona yeye akifanya: jani moja la mchicha lililochemshwa, na maji ya beseni yakipungua. Alikuwa haelewi afanyalo. Alikuwa anamwiga tu. Jioni alikaa mbele ya kioo akiwapa uduvi habari za mtaa, hasa mabaya ya kamati ya maji.

Hamu yake ilikuwa moja. Miongoni mwao alikuwamo jike mkubwa, wa rangi ya kahawia. Tangu msiba hakuonekana mwenye mayai hata mmoja, lakini sasa huyu alikuwa na manjano mabegani. Shekiondo alitaka watoto wazaliwe mle. Aliona kwamba wakizaliwa, basi kazi ya Mwantumu itakuwa bado inaendelea duniani. Wasipozaliwa, amekufa kweli.

Ndipo ikaja ile mvua. Ilipiga bati usiku kucha, na baridi ikashuka kutoka milimani kama mgeni asiyebisha hodi. Asubuhi Shekiondo akaifunua kanga iliyofunika kioo, akainama.

Chini, juu ya mchanga, walikuwa wamelala weupe. Huyu hapa, yule pale, mwingine kaning'inia kwenye jani. Sharubu zipo, miguu ipo, hata macho yapo. Yule mkubwa naye alikuwa kalala karibu na kioo, mweupe kama aliyevishwa sanda. Akagonga kwa ukucha. Hakuna aliyeruka. Akatafuta mmoja aliye hai, mmoja tu. Hakumwona.

"Mwantumu," akasema.

Akasimama katikati ya chumba hajui ashike lipi. Jana aliwaongezea maji nusu kikombe. Yalikuwa ya beseni, au alikosea ndoo? Mchicha ulikuwa mbichi? Au ni kamati, imetia kitu bombani? Ni baridi? Ni jicho la mtu? Kila alilolishika lilimponyoka, na lililofuata likaja na jingine mgongoni.

Kisha likamjia moja likakaa. Kwetu Kwemsala, mnajua, mtu akifia ndani, maji yote yaliyolala na maiti humwagwa: ya mtungi, ya ndoo, hata ya birika. Maji yaliyoshuhudia mauti hayanywewi wala hayaachwi. Na chombo kilichomwagwa hujazwa papo hapo, maana kikikaa kitupu kitaita mwingine. Siku ya msiba wa Bi Mwantumu wanawake walimwaga kila kitu. Kile kisanduku hakuna aliyekikumbuka. Nani angekikumbuka? Kwao kilikuwa pambo, hawakukihesabu kuwa maji.

"Mauti yamo humu tangu siku ile," Shekiondo akasema. "Nimewalaza watu wake na mauti."

Akili ilimwambia ni kamati, moyo ukamwambia ni mauti, mkono ukafanya yote mawili. Aliwaokota wale weupe akawatia kwenye bakuli, ushahidi. Halafu akachota maji kwa kata, ndoo baada ya ndoo, akayamwaga migombani, mpaka chini ukabaki mchanga, majani, na maji ya kulowesha kidole. Akafungua bomba la uani. Siku nyingine lilikohoa likanyamaza. Siku hiyo lilitoa maji kwa nguvu, hata akashangaa. Akajaza kisanduku mpaka juu. Akachukua bakuli lake, huyo, ofisi ya kamati ya maji.

Ofisini alikuwapo mwenyekiti, Bwana Singano, na chai yake, na fundi Hoza kakaa dirishani. Nje wanawake walikuwa wamepanga ndoo kwenye bomba la mtaa, na Bi Siwema miongoni mwao. Shekiondo hakubisha hodi. Akaliweka bakuli juu ya meza, karibu na sahani ya mihogo.

"Maiti hao. Wazikeni."

Singano akachungulia. "Nini hiki, mgosi, mzee wangu?"

"Unaniuliza mimi? Yaulize maji yenu. Mke wangu mliniulia kwa ufunguo, sasa mmewafuata na uduvi wake."

"Ufunguo ulikuwa wa zahanati, mgosi. Mimi ni wa maji."

"Nyote mnakunywa birika moja."

Wanawake wakasogea dirishani. Mmoja akasema, "Leo mwenyekiti kaletewa kitoweo!" Mwingine akamjibu, "Kitoweo gani hicho, hata paka atashinda njaa." Wakacheka. Shekiondo hakugeuka.

Singano alikuwa amechukua mmoja akamweka kiganjani. Akampuliza kidogo. Yule mweupe akapaa, akatua mbali, ukingoni mwa meza.

"Maiti gani huyu anayepeperuka?"

"Kakaushwa na dawa yenu."

"Hakukaushwa. Hayumo." Singano akamvuta karibu, akamgusa kwa ncha ya kijiti. "Tazama hapa, nyuma ya shingo, palivyopasuka. Katokea hapa, kama mtu avuavyo kanzu. Hili ni ganda, mgosi. Tulipokuwa tunaoga maporomokoni, mvua ya kwanza ikituletea baridi, tulikuwa tunayakuta haya yanaelea. Maji yakipoa ghafla wanavua kwa pamoja."

"Ganda," Shekiondo akasema.

"Ganda. Nalo si baya. Jike huwa anavua kwanza, ndipo dume anamfuata. Ukiona ganda la jike, kesho utaona mayai."

Bi Siwema naye akadakia dirishani, "Kweli, shemeji. Marehemu alikuwa anayaacha mle mle, wanayala wenyewe. Hakukuambia?"

Aliambiwa au hakuambiwa? Hakuweza kukumbuka. Alikumbuka kahawa tu. "Mbona sikumwona hata mmoja aliye hai?"

"Wewe ukiwa uchi utasimama barabarani?" akasema Singano. "Ngozi yao bado laini, wanajificha. Una majani mle?"

"Ya mkungu."

"Basi wako chini ya mkungu. Nenda kawapigie hodi, uwaambie wavae."

Watu wakacheka, na Shekiondo, kwa mara ya kwanza tangu siku ya maziko, akacheka nao. Alijishika kifua kama mtu aliyeokota kitu chake njiani. Yule mkubwa yu hai! Na kesho ana mayai! Akalichukua bakuli lake, akageuka kwenda.

Hoza pekee hakuwa anacheka.

"Mzee, yale maji uliyowatolea haya, yako vilevile?"

"Nimeyamwaga. Yalikuwa ya mauti yale. Nimetia mapya."

"Ya mvua?"

"Ya bomba. Leo yanatoka vizuri, kwa hilo nawashukuru."

Hoza akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akaitazama chai yake.

"Kuna nini?" Shekiondo akauliza.

"Mto ulishuka tope usiku," Hoza akasema polepole. "Alfajiri tumetia dawa. Maradufu ya siku zote."

Nje mwanamke mmoja akainusa ndoo yake. "Ndiyo maana yananuka hivi! Na mimi nimeshampa mtoto!"

"Mtoto hana neno, mama, dawa hii kwa mtu haina madhara," Singano akasema haraka.

"Na kwa asiye mtu?" Shekiondo akauliza. "Mbona hamkusema?"

"Tuseme nini, mgosi? Kila mvua ya kwanza tunatia. Tangu lini dawa ya maji ikapigiwa mbiu?"

"Marehemu alikuwa anauliza," akasema Hoza. "Kila nikipita mlangoni kwake, 'Hoza, mmetia leo?' Nikimwambia tumetia, anayaacha maji yake juani siku nyingi zaidi. Wewe hukuwahi kuniuliza, mzee."

Hilo lilimpata Shekiondo mahali ambapo hakuwa na ngao. Alitoka mbio, mzee yule, kandambili moja mguuni na nyingine imebaki ofisini, na mwenyekiti nyuma yake, tumbo mbele.

Walipoingia, uduvi walikuwa wametoka chini ya mkungu. Wote. Walikuwa wamejaribu kukwea kioo. Baadhi walikwisha kuruka nje, wakaanguka sakafuni. Waliobaki ndani walikuwa wamelala ubavu. Nao hawakuwa weupe. Walikuwa wekundu wa kufifia, wazito, wamejaa, na hapo Shekiondo akajua maiti ya uduvi ikoje. Hapakuhitajika mtu wa kumweleza.

Singano akakimbilia pipa la mvua chini ya bati. Akachota kwa mikono yake mwenyewe, shati limelowa, akamwaga mle ndani, akachota tena. Ilikuwa kama kumpa maji mtu aliyekwisha kuoshwa.

Yule jike mkubwa alikuwa karibu na kioo. Ganda lake lilikuwa jipya, linang'aa, na chini ya tumbo alikuwa ameshika mayai, machache, ya manjano. Hayakungoja kesho. Vijiguu vyake vilikuwa bado vinayapepea, polepole, kama mkono wa mtu anayempepea mgonjwa huku usingizi unamchukua. Vikapepea. Vikapumzika. Vikapepea mara nyingine, kisha basi.

Wakasimama wale wanaume wawili, maji yanawadondoka.

"Mgosi," Singano akasema kwa sauti ya chini, na mimi siamini kwamba alikusudia kumuumiza, "umelilia maganda, ukawaua wenyewe."

Bi Siwema alikuwa amefika mlangoni, akayasikia maneno hayo. Akayarudisha kwenye foleni, foleni ikayafupisha, na kabla ya adhuhuri yalikuwa yameshafika mtaa wa juu yakiwa methali kamili. Maneno ya bombani hapa kwetu hufika kila nyumba. Maji ya bomba ndiyo hayafiki.

Ikawa ndilo jina lake. Akipita kahawani, vijana wa wakati ule, baba zenu hao, wakainong'ona. Mtoto akililia mpira uliopasuka, ataambiwa. Mtu akimfukuza mke kwa maneno ya jirani, ataambiwa. Shekiondo aliyachukua kimya, jambo lililowashangaza wote, maana walimzoea kwa kupiga kelele. Nadhani kimya kile kilikuwa cha mtu anayepima. Kila alipoipima habari ile, upande mmoja ulishuka, na kabla hajaamini, upande wa pili nao ukashuka. Yeye ndiye aliyemwaga maji. Hakuuliza. Hakusikiliza alipofundishwa. Lakini dawa je? Ilitoka mkononi mwake?

Mkutano wa mtaa ulipoitishwa, akaenda. Mambo mengine yakasemwa, kisha akanyoosha mkono, akasimama.

"Methali yenu nimeisikia," akasema. "Ni ya kweli. Ni yangu, nimeivaa, na nikifa mnizike nayo. Nililia ganda. Sikutazama chini ya jani. Nilikuwa na uchungu, na mwenye uchungu mikono yake haina macho. Hayo nimekubali, sibishani na mtu."

Wengine waliinamisha vichwa.

"Sasa nataka mnipe na ya pili. Maana mimi nilipewa methali siku ile ile, hata jua halijasimama. Aliyetia dawa kwenye maji ya watu akanyamaza, akakaa akanywa chai, yeye mmempa ipi?"

Singano akakohoa. Akasema swali ni zuri, litachukuliwa. Akasema twende kwenye ajenda ya mitaro.

Sasa mmeijua. Mtu akiona alama ya jambo akadhani ndilo jambo lenyewe, akaruka kwa uchungu kutengeneza kitu ambacho hakijaharibika, huyo atakiharibu kwa mikono yake. Shekiondo aliuona mwanzo wa uzazi akadhani ni msiba, akauleta msiba. Mkimwambia mtu, mwambieni kwa haki, si kwa kumzomea: mlilia ganda ndiye muua uduvi.

Lakini Shekiondo amekufa, Singano amekufa, kamati zimekuja na kuondoka, kila masika dawa inatiwa, na bado hakuna aliyesimama akamjibu mzee yule: aliyetia dawa akanyamaza, methali yake ni ipi?